Kuhesabu Moyo wa Mama Mkwe

Kabla ya vijiji vya ujamaa, mama mkwe wangu alikuwa anaishi upande wa Butiama, nyuma ya kilima, na mimi nilikuwa huku chini, njia ya kwenda Bunda. Umbali huo ulitosha kuwa adabu. Kwetu mtu na mama wa mke wake hawakutani. Hawali pamoja, hawashikani mkono, hawasemeshani, na wakionana njiani kwa bahati mbaya, mmoja anaingia porini mpaka mwenzake apite. Nimeingia kwenye miiba mara nyingi kwa ajili yake. Na yeye aliingia kwa ajili yangu, ingawa mara chache, maana mimi ndiye mdogo.

Halafu ikaja Operesheni ya kuhamia vijijini, tukahamishwa wote, tukapangwa mistari kando ya barabara. Aliyepima viwanja alikuwa kijana wa mbali, na kamba yake na vigingi vyake, hakujua nani mkwe wa nani. Nyumba ya mama mkwe ikaangukia jirani na yangu, dirisha la jiko lake likitazamana na mlango wangu. Nilikwenda kumweleza mwenyekiti wa kijiji.

Akasema, "Ndugu, nikianza kuwapanga kwa ukwe, kijiji hiki kitafika Mwanza."

Sitaki kulaumu tu. Ng'ombe walikosa malisho, hilo ni kweli, na watu walilala nje na mvua ikinyesha. Lakini tulipata bomba, na mke wangu akaingia darasa la watu wazima, na mama mkwe, ambaye zamani angeugua peke yake nyuma ya kilima, aliugua karibu na sisi. Nikiweka haya huku na yale kule, sijui upande gani unazidi. Mimi kazi yangu ilikuwa kupima pamba kwenye chama cha ushirika, na bado hilo limenishinda kupima.

Tulijifunza kuishi. Asubuhi nikitaka kutoka nilikohoa, yeye akageukia moto wake. Tukiwa na la kuambiana tulilipitisha kwa mke wangu, hata kama sote watatu tulikuwa tunasikiana vizuri.

"Mwambie mume wako mbuzi wake amekula mahindi yangu."

"Baba watoto, mama anasema mbuzi wako amekula mahindi yake."

"Mwambie mama nimesikia. Nitamfunga."

"Mama, anasema atamfunga."

"Amfunge kweli, asimfunge kwa mdomo."

Hilo la mwisho mke wangu hakulileta, lakini lilinifikia.

Ugonjwa ulianza wakati wa palizi. Alikuwa mwanamke wa kulima mpaka jua linakaa utosini, na sasa akawa anasimama katikati ya mstari na kushika jembe kama fimbo. Miguu ikavimba. Mke wangu akamuuliza anasikia nini. Akasema, "Kifuani nina kamongo." Aliyewahi kumbeba kamongo kwenye kapu anaelewa. Yule samaki anatulia mpaka unadhani amekufa, ghafla anajipinda, anapiga mkia mara tatu mara nne, anatulia tena.

Dada yake alimletea mizizi ya kuchemsha, michungu sana. Wapo watakaocheka, lakini niliona kwamba ilimpa usingizi. Miguu haikupungua. Tukasali pia, na kusali hakukumdhuru. Mwishowe shemeji yangu, mwanaye aliyekuwa anauza dagaa pale Mwigobero mjini Musoma, akatuma neno kwamba mama apelekwe Musoma hospitali, tutalala kwake.

Tabibu wa Musoma alikuwa mtu wa pwani, mwembamba, mwenye Kiswahili kinachoteleza kama sabuni. Alimsikiliza kifua muda mrefu. Mimi nilikuwa nimesimama nje ya mlango, nikitazama ukuta.

"Moyo wa bibi umepoteza mwendo," akasema. "Unakimbia, unakosa, unakimbia tena, hauna mpangilio. Sasa nisikilizeni, njia si moja."

Akazieleza, na nitajaribu kuzisema kama alivyozisema. Ya kwanza, kuuacha hivyo hivyo: apumzike, apunguze chumvi na ugoro. Ataishi, lakini maji yatazidi kujaa miguuni mpaka yapande kifuani. Ya pili, vidonge. Hivyo havirudishi mpangilio, bali vinaupunguzia moyo mbio ili kila pigo liwe na nguvu, na vimetokana na majani ya ua fulani la Ulaya.

"Kumbe na wao wanachuma majani," akasema mama mkwe, akionekana kuridhika.

Ya tatu, aende hospitali kubwa Mwanza, kuna mashine inachora moyo kwenye karatasi, na kuna dawa nyingine kali zinazojaribu kuurudisha kwenye mstari, lakini haziwezi kutolewa bila mashine hiyo kuwa karibu. Ya nne akaitaja akitabasamu. Ulaya huko wanamlaza mgonjwa usingizi na kuupiga moyo umeme mara moja, ukishtuka unakumbuka mwendo wake.

Mama mkwe akamgeukia mke wangu. "Mwambie daktari, kijijini kwetu umeme haujafika hata kwa mwenyekiti. Uanzie kifuani kwangu?"

Tabibu akacheka mpaka akavua miwani. Alipoulizwa kuhusu mizizi hakuitukana, na kwa hilo namheshimu mpaka leo. Alisema, "Mizizi hiyo siijui, bibi, labda ni mizuri. Lakini ikikutana na vidonge vyangu tumboni, sitajua nani kafanya nini. Chagua mmoja."

Akachagua vidonge. Nadhani ni kwa sababu ya yale majani.

"Sasa hapa ndipo penye kazi," tabibu akasema, na akaniita niingie. Niliingia kinyumenyume, kiasi kilichoruhusiwa. "Dawa hii mpaka wake ni mwembamba. Kidogo inaponya, ikizidi ni sumu. Kila asubuhi, kabla hajameza, mtu ashike mkono wake hapa, kwenye kifundo, ahesabu mapigo dakika nzima. Si nusu dakika, maana moyo huu nusu moja haifanani na nyingine. Yakipungua chini ya sitini, asimeze siku hiyo. Nani ana saa?"

Nilikuwa nayo mimi. Niliinunua msimu mmoja mzuri wa pamba, na mke wangu alinung'unika sana, kwa haki. Yeye naye alijua kuhesabu. Lakini kusikiliza mshipa na kufuata mshale wa saa kwa pamoja kulimchanganya, tulijaribu hapo hapo hospitalini. Hata mimi nilichanganyikiwa mara mbili kabla ya kupata. Sikumwambia tabibu kuhusu ukwe. Nilidhani watu wote duniani wanajua.

Tulirudi nyumbani na tukatafuta njia, na njia ikapatikana, na tuliiona nzuri. Asubuhi mke wangu alikaa jikoni kwa mama yake, akamshika kifundo cha mkono. Mimi nilikaa nje, mgongo kwenye ukuta, saa mkononi. Kila moyo ulipopiga, mke wangu aligonga sufuria kwa kijiko, ko, na mimi nikahesabu. Dakika ikiisha nilisema hesabu kwa sauti, naye akatoa kidonge au asitoe. Alitoa siku zote. Hesabu ilikuwa nzuri ajabu, sabini, sabini na mbili, ikigonga kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja. Majirani walipita wakasema, "Huyo mpima pamba sasa anapima na sufuria."

Shemeji alipotutembelea na kuona, alicheka mpaka akakaa chini. "Shemeji, ulimchukua dada yangu, nikanyamaza. Sasa unamhesabu na mama?" Alikuwa amemletea mama yake ng'onda, wale samaki wa kukaushwa kwa chumvi, kama kawaida yake, tukamrudisha nao Musoma, na kicheko kikamwisha.

Na mama mkwe alipata nafuu. Miguu ilishuka. Alishika jembe tena, si sana, akapalilia pamba yake. Nilifurahi, na nadhani nilijivuna kidogo pia.

Msimu wa kununua pamba ulifika. Niliwahi kusema kwamba nilikuwa mpimaji. Kazi yenyewe si mizani tu, ni macho vilevile. Pamba nyeupe isiyo na uchafu inaitwa safi, inawekwa huku. Iliyogeuka rangi ya manjano inaitwa fifi, inawekwa kule, na chama kinalipa tofauti. Mpimaji akipokea fifi na kuiita safi, huyo ni mwizi, hata kama mfukoni hakuweka kitu. Watu wanaweza kusema mengi juu yangu, lakini hilo sikuwahi kusikia.

Siku hiyo mama mkwe alileta pamba yake, akakaa mbali, chini ya kivuli cha ghala, akinipa mgongo nusu kama inavyotakiwa. Mara mke wangu akaja, uso umemshuka.

"Mama anasema," akaanza, akasita.

"Sema."

"Anasema nimwambie mkwe wake kwamba siku hizi anaweka fifi kwenye rundo la safi."

Walikuwepo watu. Mzee mmoja akasema, "Haya!" Nilisikia masikio yananiwaka. Angekuwa mtu mwingine ningemjibu, lakini mama mkwe hajibiwi, na zaidi ya hapo nilikuwa na wasiwasi wangu wa siku zote, kwamba labda ni kweli. Labda nimechoka, labda macho yamenidanganya. Nikasimamisha mizani. Nikaanza kufumua lile rundo, gunia kwa gunia, watu wakiwa wamesimama kwenye foleni na jua linawaka.

"Mpimaji amepoteza nini humo?" wakaulizana.

"Amepoteza akili."

Hakukuwa na fifi. Ilikuwa pamba nyeupe, kila gunia. Nilichukua konzi moja nikaipeleka kwenye jua, nikaitazama hivi na hivi. Nyeupe. Nikampa mke wangu ampelekee mama yake aitazame kwa karibu. Akarudi nayo.

"Anasema ni ya manjano. Anasema usimchezee."

Basi, nilipima mpaka jioni bila raha. Nyumbani nilikuta mke wangu ameshika kibuyu cha maziwa, yamejaa.

"Amekataa tena," akasema. "Anadai nimemtilia samli. Anasema maziwa yana rangi ya samli."

"Tena? Kwani alikataa lini?"

"Ana siku kadhaa hali chakula vizuri. Anatapika. Alinikataza nisikwambie, ni mambo ya tumbo, si ya kumwambia mkwe."

Hapo nikakaa. Pamba ya manjano, maziwa ya manjano. Pamba niliiona mwenyewe juani ni nyeupe, na maziwa yako mbele yangu ni meupe. Kilichobadilika si pamba, ni macho yake. Nikakumbuka tabibu alivyosema mpaka wa dawa ile ni mwembamba, ikizidi ni sumu. Lakini hesabu ilikuwa nzuri! Asubuhi ile ile nilihesabu sabini na moja.

"Mama watoto," nikasema, "ukimshika mkono, unasikia nini?"

"Si nagonga na wewe unahesabu?"

"Mimi nasikia sufuria. Wewe unasikia nini?"

Akaanza kukunja ncha ya khanga yake, akaikunjua.

"Unapiga," akasema, "halafu unakaa. Unakaa muda. Halafu unapiga mara mbili kama umeshtuka."

"Na ukikaa, unafanyaje?"

"Nagonga."

"Unagonga wakati haujapiga?"

"Ningefanyaje?" Sauti ikampanda. "Mkwe amekaa nje anasikiliza. Moyo wa mama unyamaze mbele ya mkwe? Usikike unajikwaa, unashtuka, kama mlevi njiani? Nikagonga vizuri. Nikagonga kama inavyopaswa kusikika."

Nimeliwaza sana jibu hilo. Mtu wa mbali atasema huu ni ujinga. Mimi siwezi, maana namwelewa. Kwetu binti akimwonyesha mume wake kitu cha mama yake, anakipangusa kwanza. Kama ni kibuyu, anakisugua, na kama ni habari, anaitengeneza. Moyo nao aliutengeneza. Ile twanga-twanga nzuri niliyojivunia ilikuwa mkono wa mke wangu tu, na mimi, mpima pamba, kila asubuhi nilipima adabu ya watu nikaandika ni afya. Sikumkasirikia. Au nilikasirika kidogo, halafu nikamwona analia, ikaisha.

Asubuhi yake mama hakumeza kidonge. Lori la chama lilikuwa linapeleka pamba Musoma. Mama mkwe na mke wangu walikaa mbele na dereva, mimi nikapanda juu ya magunia. Njia nzima nilikuwa nagonga bati la kichwa cha lori na kuuliza, "Vipi huko?" na mke wangu anatoa mkono dirishani na kuupunga, maana yake bado yupo.

Tabibu alimshika kifundo cha mkono, akatazama saa yake, na uso wake ukawa mwingine. Hakusema idadi. Akamlaza wodini, akasimamisha dawa kabisa. Kisha akaja kwenye baraza nilipokuwa.

"Ndugu, nani alikuwa anahesabu?"

"Mimi."

"Ulikuwa unashika wapi?"

"Sikushika. Nilikuwa nje ya ukuta."

Nikamweleza yote, ukwe, sufuria, kijiko. Nilitegemea acheke kama siku ile. Hakucheka. Akarudi wodini, nami nikasimama mlangoni kwa mgongo, nikasikia anamwambia mama mkwe taratibu, kama mtu anayemwomba mama yake, "Bibi, mshipa hauna mkwe."

Akajibu, safari hii bila kumtumia binti yake. "Mshipa hauna, mwanangu. Mkono unao."

Alikaa pale wodini mpaka dawa ilipopungua mwilini. Shemeji alileta uji kila asubuhi kabla ya kwenda Mwigobero, bila utani. Siku moja mke wangu alitoka nje anacheka na kulia kwa pamoja.

"Mama anasema nikwambie lile rundo lilikuwa safi."

Nilienda nyuma ya jengo, nikakaa kidogo peke yangu.

Tabibu alizipanga njia upya. Mama mkwe angeweza kuacha vidonge kabisa, lakini maji yangerudi. Angeweza kwenda Mwanza kwenye mashine. Alikataa, alisema hajachoka kiasi cha kuchorwa. Angeweza kukaa kwa mwanaye mjini, karibu na hospitali. Alikataa hilo pia, kuku wake nani angewalisha. Iliyobaki ilikuwa vidonge vile vile, nusu ya kipimo cha kwanza, "lakini kwa sharti moja," tabibu akasema, akitutazama wote. "Anayehesabu ndiye ashike. Kama haiwezekani, siwapi dawa, maana nitakuwa nawapa sumu." Alikuwa na haki. Na mama mkwe naye, kwa upande wake, alikuwa na haki.

Akasema, "Nipe nafasi nikaulize kwetu."

Wazee wa ukoo wake walikutana. Mmoja alikataa kabisa, akasema tukianza na mkono tutamalizia wapi. Wengine wakasema dawa ya mwiko ipo tangu zamani, mkwe atoe mbuzi. Nikatoa yule aliyekula mahindi, nadhani hilo ndilo lililomfurahisha mama mkwe kuliko yote. Mbuzi aliliwa, na mama akapewa ini, bila chumvi. Yule mzee aliyekataa alikula pia, lakini hakubadili neno lake, na sidhani alipaswa kulibadili.

Kesho yake alfajiri nilikohoa kama kawaida. Badala ya kusikia anageukia moto, nilisikia mke wangu ananiita niende kwenye dirisha la jiko. Ni dirisha dogo, la kutolea moshi. Nilisimama kando yake, uso wangu ukitazama barabara. Mkono ukatoka. Alikuwa amevua bangili zake za shaba, na ngozi ilikuwa na alama pale zilipokaa miaka yote.

Niliushika. Mwanzo nilishindwa kujua lipi pigo lake lipi langu. Nikangoja, kama ninavyongoja mshale wa mizani utulie. Halafu nikalisikia. Halikuwa na adabu hata kidogo. Lilipiga, likakaa, likaja mawili ya haraka, likakaa tena kwa muda mrefu hata nikabana pumzi, likarudi. Nilihesabu dakika nzima, na yale yaliyokosekana sikuyaongeza.

Nikafungua mdomo nimwambie mke wangu ili amwambie mama yake. Sauti ya ndani ikanitangulia.

"Ngapi?"

Nilikuwa nimemwoa binti yake miaka mingi, na hilo ndilo neno la kwanza aliloniambia mimi.

"Sitini na sita, mama."

"Zinatosha?"

"Zinatosha."

"Basi niachie mkono nimeze."

Alimeza hivyo kwa miaka mingi baadaye, siku nyingine hakumeza, kadiri mkono ulivyosema. Moyo wenyewe haukuwahi kurudi kwenye mstari. Alizoea kamongo wake, na mimi nikamzoea. Majirani walisahau kucheka. Uso wake sikuwahi kuutazama vizuri, na hata leo ninapoandika, mtu akiniuliza alifanana na nani siwezi kusema kwa uhakika. Ila mkono wake ningeutambua kati ya mikono yote ya mkoa wa Mara.